Mgeni siku ya tatu mpe paswodi

Vijana wenzangu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusomaga humu kimya kimya, leo naandika nikiwa na hasira. Nimeipa wiki mbili ipoe, imekataa, basi nimeona niiandike.

Kwenye chumba chetu cha kompyuta kuna mashine 14. Tisa zimebandikwa karatasi nyekundu yenye neno moja: MBOVU. Zimesukumwa ukutani na kufunikwa kitenge cha zamani kwa ajili ya vumbi. Kila mgeni akija kutembelea anaoneshwa zile tano zinazofanya kazi, halafu anaambiwa kuhusu zile tisa: "Hizi ni za zamani sana, haziingii tena kwenye intaneti, tunasubiri mfadhili." Mgeni anatikisa kichwa kwa huruma, anapiga picha, anaondoka.

Mimi najitolea kwenye chumba hicho. Nafungua mlango asubuhi, nafagia, nawasha mitambo ya sola, naandika majina kwenye daftari. Na nasema mbele yenu wote: nane kati ya mashine hizo tisa hazijafa. Zimefungiwa. Sisi watu wa kambi, kama kuna kitu tunakijua vizuri, ni tofauti ya kufa na kufungiwa.

Ngoja nieleze kilichonifikisha hapa.

Ijumaa moja alikuja dada wa bloku ya jirani. Amemaliza sekondari na alama nzuri, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kutuma fomu ya ufadhili wa masomo. Msimuulize kwa nini alichelewa. Barua ya shule ilimfikia Alhamisi jioni, na nyote mnajua barua za hapa zinavyotembea. Zile kompyuta tano zilikuwa na darasa mpaka jioni. Niliomba darasa litupishe mashine moja tu, nikajibiwa ratiba ni ratiba. Nikamwambia, dada, tujaribu hii ya pembeni. Wakati ule ilikuwa bado haijabandikwa karatasi.

Ikawaka vizuri. Alama ya mtandao ikaonyesha tumeunganishwa. Tukaandika anwani ya tovuti, likatoka onyo: muunganisho si salama, cheti cha tovuti hii si halali. Tukajaribu tovuti ya barua pepe, onyo lile lile. Tukajaribu ya tatu, lile lile. Dada akaniuliza, "Kaka, mtandao umekatika?" Nikasema hapana, mtandao upo. Akaniuliza, "Sasa?" Sikuwa na jibu.

Kumbe jibu lilikuwa chini kwenye kona ya skrini: 1 Januari 2010. Nilipoliona, nikabonyeza nibadilishe tarehe. Kompyuta ikaomba paswodi ya msimamizi. Paswodi hiyo anayo afisa mmoja tu, na afisa yuko likizo mjini. Nikampigia, hapatikani. Dada akaazima simu ya kaka yake, lakini fomu ilitaka aambatanishe vyeti vitatu vilivyoskaniwa, navyo viko kwenye fleshi, na ile simu haisomi fleshi. Saa kumi na mbili jioni ikafika, chumba kinafungwa. Akaniambia, "Asante kaka, umejitahidi," akaenda zake. Ile asante inaniuma mpaka leo.

Jumanne afisa akarudi. Akaandika paswodi, akaweka tarehe ya kweli, tovuti ikafunguka. Dakika mbili, hazikuzidi. Kesho yake asubuhi tarehe ikawa imerudi 2010. Afisa akasema, "Hii nayo imechoka," akaibandika karatasi nyekundu. Ndiyo ikawa ya tisa.

Tangu siku hiyo nimefanya ambalo nilipaswa kulifanya zamani: nimejifunza. Nimemuuliza fundi simu wa sokoni, nimesoma usiku kwa bando langu mwenyewe. Nimegundua ugonjwa wa mashine zetu una sababu tatu tu, na zote tatu zinajulikana. Nazieleza hapa kwa lugha yetu, ili kesho mtu akikuambia "ni ya zamani sana" umuulize: zamani ipi?

Ya kwanza ni saa. Ndani ya kompyuta kuna kibatri cha duara kama sarafu, kimeandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa wakati umeme umezimwa. Kikiisha, kila tukizima sola usiku, mashine inaamka asubuhi ikidhani ni ile tarehe ya mwanzo iliyowekewa kiwandani. Sasa tarehe inahusiana nini na tovuti? Ni hivi. Kila tovuti salama inabeba cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, kama karatasi zetu za utambulisho. Fikiria umefika getini na kibali chako cha mwaka huu, halafu askari ana kalenda ya 2010 mkononi. Atakuambia kibali hiki bado hakijazaliwa, rudi. Kibali chako hakina kosa, na mwenye makosa ni kalenda ya askari. Windows inaweza kuuliza saa ya kweli kwenye intaneti, lakini kwa kawaida tofauti ikizidi masaa 15 inakataa kujirekebisha. Kwa hiyo lazima mtu aiweke kwa mkono. Leo najua pia kwamba unaweza kuweka saa kabla Windows haijawaka, kwenye ile skrini ya mwanzo. Siku ile mimi sikujua, na hakuna aliyewahi kutufundisha.

Ya pili ni orodha ya mihuri. Cheti cha tovuti kinatiwa muhuri na mkubwa fulani, na kompyuta ina orodha ya wakubwa inaowaamini. Hao wakubwa nao wana vyeti vyao, wanaviita vyeti vya mizizi, na vinaisha muda. Tarehe 30 Septemba 2021 kiliisha cheti kimoja cha mzizi kilichokuwa kinategemewa na Let's Encrypt, shirika lisilo la faida linalozipa tovuti nyingi sana vyeti vya bure. Mzizi mpya ulikuwa tayari, umeandaliwa mapema. Kifaa kilichosasishwa hakikusikia chochote. Kifaa ambacho hakijaguswa miaka mingi kilianza kukataa tovuti nzima nzima zilizofunguka jana yake. Watu wakasema kimekufa. Kilikuwa kimekosa karatasi moja.

Ya tatu ni lugha ya siri. Kabla kompyuta na tovuti hazijaongea, zinasalimiana kwanza na kukubaliana watafichaje maneno yao njiani. Utaratibu huo unaitwa TLS. Toleo la 1.0 ni la mwaka 1999, la 1.2 ni la 2008, la 1.3 ni la 2018. Mwaka 2021 wanaopanga kanuni za intaneti walitangaza rasmi kwamba 1.0 na 1.1 zisitumike tena, kwa sababu zina matundu. Internet Explorer ya kwenye Windows XP inaijua 1.0 tu. Basi ikibisha hodi kwenye tovuti ya leo, tovuti inasikia lugha iliyopigwa marufuku na inafunga mlango. Lakini hapo hapo, kwenye Windows 7, ukifunga Firefox inayokuja na lugha yake na orodha yake ya mihuri, mlango unafunguka. Mashine ni ile ile, na waya ni ule ule. Kilichobadilika ni programu ya kuongea na dunia.

Nimezikagua zile tisa moja moja. Tatu zina tatizo la kibatri. Tatu ni Windows 7 zenye brauza ambayo haijaguswa tangu zilipoletwa, na zimewekewa zuio, huwezi kufunga programu bila paswodi. Mbili ni Windows XP. Moja hadidiski yake inalia kama mlango wa bati, hiyo kweli ni mgonjwa, sibishi. Bei ya kibatri kimoja haifiki bei ya wali na maharage ya watu wawili hapo sokoni. Na kusasisha brauza ni bure, gharama ni bando tu. Hiyo ndiyo siri yote ya neno MBOVU.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya nikose usingizi.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaotunza kompyuta za zamani kwa kupenda tu, kama mzee anayetunza redio yake ya enzi za ujana. Kuna kompyuta inaitwa Amiga, ilitolewa mwaka 1985 na kampuni ya Commodore. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 1994. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa hatujazaliwa. Mfumo wa Amiga haukuja na programu ya intaneti, wenye nazo waliitengeneza wenyewe baadaye. Na mpaka miaka hii bado wanaisasisha! Kuna kifurushi kinaitwa AmiSSL, kazi yake ni kuifundisha Amiga ile lugha ya siri ya kisasa, pamoja na mihuri mipya. Haifai kwa Amiga zote, inataka prosesa ya 68020 au kubwa zaidi, lakini hata hiyo ni prosesa ya miaka ya themanini. Kuna nyingine inaitwa mTCP, ni ya mfumo wa DOS, na inafanya kazi hata kwenye IBM PC ya kwanza iliyotoka mwaka 1981, ukiipachika kadi ya mtandao. Haiwezi kufungua tovuti salama za leo, nisiwadanganye, lakini inahamisha mafaili, inaingia kwenye vyumba vya maongezi. Na ndani yake kuna kiprogramu kidogo cha kuuliza saa sahihi kwenye mtandao. Yaani kompyuta ya 1981 inajua leo ni tarehe ngapi, na ya kwetu ya juzi juzi inadhani ni 2010.

Mtu atasema, wale ni matajiri wenye muda wa kuchezea. Ni kweli wana pesa kuliko sisi. Lakini programu nyingi kati ya hizo zinatolewa bure, na mashine zao ni dhaifu mara mia kuliko zetu. Kitu wanachotuzidi hasa ni kimoja: mwenye Amiga hana wa kumwomba ruhusa. Mashine ni yake. Akitaka kuifungua anaifungua, akiiharibu atalala na hasara yake, kesho anajaribu tena. Kompyuta ya mwaka 1985 iko hai kwa sababu ina mwenyewe. Ya kwetu imekufa kwa sababu haina mwenyewe. Mfadhili alishaitoa, si yake tena. Shirika linaitunza kwa niaba ya mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Sisi tunaitumia, lakini tumeambiwa tusiguse. Basi kitu kisichokuwa na mwenyewe nani atakibadilishia batri?

Ndugu zetu wa mashirika, najua mtanijibu nini, maana nimeshajibiwa.

Mtasema: usalama. Tukiwapa paswodi mtaingiza virusi. Sawa, tuongee usalama. Mwezi Mei 2017 kirusi kinachoitwa WannaCry kilizunguka dunia. Hospitali za serikali huko Uingereza ziliahirisha kutibu wagonjwa kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefungwa na wahalifu wanaodai pesa. Kiliingia wapi? Kwenye programu ya mtandao ya Windows, ile ya zamani ya kugawana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta. Na dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizopigwa zilikuwa Windows 7, ambazo dawa yao ilikuwepo, hazikunyweshwa. Baada ya balaa, Microsoft ilitoa dawa hata ya XP, mfumo iliouacha tangu Aprili 2014. Sasa niambieni, ni nani anayehatarisha chumba chetu: kijana anayetaka kusasisha, au paswodi iliyolala mfukoni mwa mtu mmoja aliye likizo? Kompyuta isiyosasishwa haiko salama kwa sababu imefungwa. Imefungwa kwetu tu. Kwa mwizi iko wazi.

Mtasema: tuna fundi wa kompyuta kutoka mjini. Tunamjua, ni mtu mzuri, anakuja akipata gari, na gari linapatikana kwa miezi. Akifika anakuta orodha ya matatizo hamsini, anashughulikia printa ya ofisi kwanza, jua linazama, anaondoka. Simlaumu yeye. Nawauliza nyinyi: gharama ya safari yake moja inanunua vibatri vingapi?

Mtasema: vijana watachezea, watafungua mambo machafu. Inawezekana. Hata jiko la shule linaweza kuibiwa unga, lakini hatujawahi kuona shule inafunga jiko na kuwaacha watoto na njaa. Inaweka daftari na watu wa kuwajibika. Mali bila daftari huisha bila habari, hilo tunalijua hata sisi.

Na sasa nageuka kwenu, vijana wenzangu, maana nyinyi pia hamtapona leo.

Kuna wanaosema, "Kaka, achana na makopo hayo, tudai laptop mpya." Dai mpya, sikukatazi. Lakini mpya ya leo itakuwa nini baada ya miaka sita? Hizi unazoziita makopo nazo zililetwa na sherehe, zikakatiwa utepe, tukapiga makofi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, Microsoft ikaacha kuisasisha tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo imefikia mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa wanaojiandikisha kupata muda wa nyongeza. Na kompyuta nyingi zenye Windows 10 hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu inataka prosesa ya miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mnajua maana yake? Maofisi ya Ulaya na Marekani yanazitoa kwa wingi. Zitaenda wapi? Nyingine zitakuja huku kwetu, zitakatiwa utepe. Kama hatujui kusasisha, tutapokea marundo ya mashine nzuri na baada ya miaka michache tutazifunika kitenge. Kwa hiyo laptop mpya bila ujuzi na bila paswodi ni karatasi nyekundu ambayo bado haijabandikwa.

Wengine mnasema, "Simu inatosha." Muulizeni yule dada kama ilitosha. Na simu zenyewe zina ugonjwa ule ule. Mama yangu mdogo alikuwa na simu nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo, siku moja WhatsApp ikamwambia toleo lake la Android halitumikiwi tena. Akadhani amefanya kosa. Akaja kwangu anaomba msamaha, eti ameharibu simu. Hakuna alichoharibu. Dunia ilibadilisha lugha na haikumwambia.

Halafu kuna kosa letu sisi tunaojitolea, naanza na mimi mwenyewe. Miaka miwili nafungua ule mlango, sijawahi kuuliza kwa nini mashine imebandikwa karatasi. Niliona neno MBOVU nikaliamini kwa sababu limeandikwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni. Tumezoea kuambiwa kitu kimeisha, tukakubali. Chakula kimepungua, tumekubali. Nafasi zimejaa, tumekubali. Mashine zimekufa, tumekubali. Hayo mawili ya kwanza hayako kwenye uwezo wetu. Hili la tatu liko kwenye uwezo wetu, bisibisi tu inatosha kuanzia.

Sipendi kulalamika bila kutoa njia. Haya ndiyo tunayoyaomba, na sioni hata moja linalohitaji mradi mpya:

Moja. Paswodi ya msimamizi itunzwe na watu watatu: afisa, na vijana wawili wa kambi waliochaguliwa na kikundi, wa kike na wa kiume. Kila inapotumika iandikwe kwenye daftari: nani, saa ngapi, kufanya nini. Likitokea baya, jina liko pale. Mkikuta tumeivunja hiyo imani, tunyang'anyeni.

Mbili. Pakiti ya vibatri vya CR2032 iwekwe kwenye droo, pamoja na bisibisi. Basi.

Tatu. Jumamosi moja kila mwezi iwe siku ya kusasisha. Apdeti ipakuliwe mara moja tu kwenye mashine moja, halafu igawiwe kwa nyingine kwa fleshi au kwa waya wa ndani, ili bando lisiishe kwa kupakua kitu kilekile mara 14. Na siku hiyo iwe darasa. Wanaotaka kujifunza waje washike wenyewe, wasiangalie begani mwa fundi.

Nne. Zile Windows 7 zinazobeba Linux ziwekewe Linux, kwa mfano Debian, ambayo ni bure na inaendelea kusasishwa. Kwa kipindi cha mpito Firefox ya toleo la kutunzwa muda mrefu, ile ya 115, inatosha kuliko Chrome iliyokwama kwenye 109, toleo la mwisho kwa Windows 7. Msiogope kwamba vijana hawataizoea. Kijana aliyejifunza lugha ya nchi mpya ndani ya miezi sita hawezi kushindwa na menyu.

Tano. Zile mbili za XP zitolewe kabisa kwenye intaneti. Hapa nakubaliana na watu wa usalama asilimia mia. Firefox ya mwisho kwa XP ilikuwa ya 52, nayo iliacha kusasishwa mwaka 2018. Kuiingiza mashine hiyo mtandaoni na barua pepe yako ni kuacha mlango wazi usiku. Lakini kutoka kwenye intaneti si kwenda jalalani. Watoto wajifunzie kuandika kwa vidole kumi, na zipakiwe vitabu na masomo ya kusoma bila mtandao.

Sita, na hili ni kwa wafadhili. Mkileta kompyuta, leteni na karatasi yake: mfumo gani, unasasishwa mpaka mwaka gani, nani ana paswodi. Dawa za zahanati zinaletwa na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye boksi. Mbona kompyuta mnatuletea bila tarehe?

Najua kuna atakayesema kijana huyu ana maneno makubwa kwa ajili ya vibatri. Sawa. Lakini ile fomu haikukwama kwa sababu ya vita, wala kwa sababu ya bajeti ya Geneva, wala kwa sababu dada hakusoma. Ilikwama kwa kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati na neno la herufi nane analolijua mtu mmoja. Tukikubali kwamba hilo nalo ni bahati mbaya, basi tutakubali kila kitu.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikuwa na maana ya heshima, si ya kumtesa mgeni. Ukimpa mtu jembe unamwambia: wewe si wa kulishwa tu, una mikono, shamba hili na lako pia. Sisi hapa tuna miaka, wengine tumezaliwa hapa. Siku ya tatu ilipita zamani sana. Hatuombi huruma kwa mashine zetu. Tunaomba jembe.

Nimemaliza. Mwenye hoja ya kunipinga apinge hapa chini, lakini aje na hoja. Na yule dada, kama unasoma: mwaka ujao fomu zikifunguliwa, njoo wiki ya kwanza. Kibatri cha ile mashine ya pembeni nimeshakinunua kwa pesa yangu, kiko mfukoni. Kilichobaki ni ruhusa ya kukiweka.